Mama mkwe kaja na kapu la dawa: nipokee zipi, nikatae zipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 6 na wa kike ana miezi 5. Mama mkwe amekuja kutoka Pangani kunisaidia kulea, na amekuja na kapu: asali ya nyuki wadogo, tangawizi, karafuu, habasoda, majani makavu ya mwarobaini, mvuje, mafuta ya nazi na wanja. Mkubwa leo ni siku ya 12 anakohoa. Bibi yake anampa asali na tangawizi, na kweli usiku analala. Sasa anataka kumlambisha na mdogo, kwa sababu jioni analia sana na bibi anasema ni mchango. Juzi mdogo alipoharisha alimchungulia ufizi akasema meno ya plastiki yanaanza. Kikohozi cha mkubwa nacho anasema huenda ni kimeo, na anamjua mzee anayekata vizuri. Mume wangu anasema yeye alilelewa kwa dawa hizo hizo na hakufa. Nikubali lipi, nikatae lipi, na nikatae vipi bila kuvunja nyumba? Mama wa wawili, Tanga.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeniita daktari, lakini mimi ni mfamasia, mtu wa nyuma ya kaunta. Miaka 23 ya kusimama hapo imenifundisha kwamba mteja akija na maswali matano, lile zito hulitaja mwishoni, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Nawe umefanya vivyo hivyo. Kapu umelieleza kitu kwa kitu, halafu kimeo na meno ya plastiki ukayapitisha haraka haraka kana kwamba ni salamu. Naanza na hayo. Mengine yote tunaweza kuyazungumza kwa kikombe cha chai, haya mawili hayangoji chai.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho, wengine kirefu, wengine kifupi, kama vilivyo vidole. Mtoto akipata mafua, koo likivimba, nacho huvimba na kushuka, kwa hiyo anayechungulia kwa tochi anakikuta pale pale na kumhukumu. Lakini kimeo hakikuleta ugonjwa, kimeupata kama koo zima lilivyoupata. Ukikikata, kikohozi kinabaki, na sasa mtoto anakohoa juu ya kidonda kibichi. Damu inaweza isikatike. Usaha unaweza kuingia, au pepopunda. Na kama wembe au kile chuma kimetoka kooni kwa mtoto mwingine, kinaweza kubeba virusi vya ukimwi au vya homa ya ini. Utaambiwa, "mbona wa fulani alikatwa akapona?" Alipona kwa sababu kikohozi cha mafua huisha chenyewe ndani ya wiki mbili au tatu, na mkata vimeo kwa kawaida huitwa wiki ya pili. Hata angekatwa ukucha angepona siku ile ile.

Meno ya plastiki, au ya nailoni kama wengine wanavyoyaita, ni hadithi hiyo hiyo kwa mdomo mwingine. Mtoto wa miezi mitano anatokwa na udenda, anatia kila kitu mdomoni, na kwa sababu anatia kila kitu mdomoni, anaharisha. Ukimfunua ufizi, pale yatakapoota machonge unaona uvimbe mweupe. Hayo ni meno yake ya utoto, halali kabisa, hayajatoka tu. Yakichokolewa kwa spoki ya baiskeli au ncha ya kisu, yanatoka laini, meupe, kama plastiki kweli, maana hayajakomaa, na mchokoaji anamwonyesha mama: umeona? Huku chini yake kuna kijimbegu cha jino la ukubwani ambacho mara nyingi huharibiwa katika zoezi hilo. Kibaya kuliko vyote ni kwamba muda wote huo mtoto anaendelea kuharisha na hakuna aliyemrudishia maji.

Hapo basi jibu ni hapana, kwa mama mkwe, kwa mume, na kwa yule mzee hata kama anakata "vizuri". Katika barua yako nzima, hapa tu ndipo ninapokuruhusu kuvunja nyumba.

Kuhusu mumeo: hoja yake ya "sikufa" ni hoja nzuri, ila ina kasoro moja, kwamba inatolewa na waliopona peke yao. Mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 hivi hawakufikisha miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 43. Wale wengi waliokuwa wakipotea walikuwa na bibi zao pia, na bibi zao waliwapenda. Simwambii mumeo kwamba mama yake alikosea. Nasema alifanya alichokuwa nacho, na leo kuna zaidi.

Sasa asali. Umeuliza kwa wasiwasi, na huenda ukashangaa nikisema kwa mkubwa bibi yuko sahihi kuliko mimi na rafu langu la chupa. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, waliwagawa watoto 105 wenye kikohozi cha mafua: wengine wakapewa asali kabla ya kulala, wengine dawa ya kikohozi ya dukani, wengine hawakupewa kitu. Asubuhi wazazi wa waliopewa asali ndio waliosema mtoto kakohoa kidogo zaidi na kalala vizuri zaidi. Tangu hapo majaribio mengine yameelekea huko huko. Nchi kadhaa zimeshakataza kuwapa watoto wadogo sharubati za kikohozi. Uingereza iliweka mpaka wa miaka sita mwaka 2009. Mimi ninaziuza, na ninakuambia hivyo hivyo: kwa mwanao wa miaka 6, kijiko kimoja cha chai cha asali nusu saa kabla ya kulala kinatosha. Tangawizi iwe ndani ya maji ya vuguvugu, si ile ya kuunguza ulimi. Na apige mswaki baada yake, maana asali ni sukari hata kama imetoka kwa nyuki wadogo.

Kwa mdogo, hapana. Wala si kijiko, wala ncha ya kidole, wala kupakwa kwenye chuchu ili anyonye vizuri. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Mimi na wewe tukizila zinapita tu, tumbo letu limeshajaa bakteria wengine wenye nafasi zao. Utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka bado ni kiwanja kitupu: mbegu zinaota humo, zinatengeneza sumu, na sumu hiyo inalegeza misuli. Huanza kwa kukosa choo siku kadhaa, kisha kilio kinafifia, kunyonya kunakuwa kwa kivivu, shingo inalegea, na mwisho pumzi. Ugonjwa huu haupatikani kila siku, lakini kwa nini umchezeshe mtoto bahati nasibu ya namna hiyo wakati maziwa yapo? Na usidanganyike na kuchemsha. Maji yanayotokota hayaziui mbegu zile. Asali nzuri, asali ya porini, asali iliyochujwa kwa kitambaa, zote ni sawa kwa hili.

Umeona jinsi kitu kimoja, kutoka chupa moja, kilivyokuwa dawa kwa kaka na hatari kwa dada? Ndiyo maana mtu akiniuliza dawa fulani ya asili ni nzuri au mbaya, huwa namrudishia swali: ya nani, ana umri gani? Bibi zetu walijua majani. Walichokosa ni mizani. Na mtoto wa kilo sita hana nafasi ya kukosea.

Tuje kwenye mchango. Hili ni neno pana, kila kilio cha mtoto mchanga kinaingia humo, na kila mtaa una mama anayechemsha mizizi yake. Kulia kwa jioni, mtoto akikunja miguu na uso kuwa mwekundu, huanza wiki za mwanzo, hushika kasi karibu na wiki ya sita, na wengi huacha kufikia miezi mitatu au minne. Wa kwako ana miezi mitano, kwa hiyo kwanza ningetazama kama ana njaa, ana usingizi, ana joto, au anatafuta jino. Mbebe wima baada ya kunyonya mpaka acheue. Mkande tumbo kwa mafuta ya nazi ya bibi, kwa duara, kufuata mshale wa saa. Hapa mwachie bibi uwanja kabisa. Mikono ya mwanamke wa pwani aliyekanda watoto wengi ni kipaji ambacho hakiuzwi dukani kwangu. Ila mafuta yaishie kwenye ngozi. Kuna wanaodondoshea puani "kulainisha mafua", na mafuta yale huteremka hadi kwenye mapafu na kukaa humo yakawa nimonia ya aina yake.

Dawa za kuchemsha za mchango, hata kijiko kimoja, zisiingie. Mpaka afikishe miezi sita chakula chake ni maziwa yako na kinywaji chake ni maziwa yako. Kila kijiko cha maji ya mizizi kinachukua nafasi ya maziwa tumboni, na kinaingia na maji usiyoyajua.

Mvuje? Ule unaonuka, wa kufungia mtoto kwa ajili ya kijicho. Mimi ni mtu wa Pangani pia kwa upande wa mama, nimeuvaa mwenyewe. Hauna dhara ukikaa ndani ya kitambaa. Naomba mawili tu: kamba isifungwe shingoni, mtoto asije akajinyonga usingizini, na usiyeyushwe akanyweshwa. Wanja uweke mbali na mdogo kabisa, machoni na kitovuni. Wanja mwingi wa unga umepimwa nchi mbalimbali ukakutwa una risasi, ile madini, na mtoto anapojifikicha macho kisha akanyonya kidole, risasi hiyo inaingia mwilini na kuugusa ubongo unaokua. Mama mkwe ajipake yeye, apendeze.

Kuhara ndiko ninakotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa jikoni kwako kuna dawa kubwa kuliko zote za kapu na hukuitaja. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa upande wa India na kipindupindu kikaingia kambini. Daktari mmoja Mhindi, Dilip Mahalanabis, akaishiwa dripu. Akaagiza sukari ya glukosi, chumvi na magadi vipimwe, vichanganywe na maji kwenye madumu, na ndugu wa wagonjwa wenyewe ndio wawanyweshe. Vifo kambini kwake, vilivyokuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100, vikashuka hadi chini ya 4. Siri yake ni kwamba hata utumbo unapoharisha, mlango mmoja unabaki wazi: chumvi na sukari zikifika pamoja huingia zikishikana mkono, na maji huzifuata. Chumvi peke yake haipiti vizuri. Maji matupu hayatoshi.

Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ndiyo bora, bei yake ndogo na vituo vya afya vinazo. Lakini usiku wa manane duka limefungwa, fanya hivi. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa ya maji ya lita moja ni kipimo kizuri. Tia sukari vijiko sita vya chai, vya mfuto, yaani kila kijiko umekikwangua juu kwa mgongo wa kisu mpaka kikawa bapa. Kisha chumvi nusu kijiko cha chai, nacho mfuto. Koroga, onja. Yasiwe na chumvi kuzidi machozi. Yakizidi, mwaga, anza upya, usijaribu kuyarekebisha kwa kuongeza sukari, kwa sababu chumvi ikizidi inamkausha mtoto kutoka ndani na inaweza kumletea degedege. Yatumike siku hiyo tu, kesho changanya mengine. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe kati ya robo na nusu kikombe cha chai, kwa kijiko, taratibu. Mkubwa zaidi mara mbili ya hapo. Akitapika, subiri dakika kumi uendelee pole pole. Kwa mdogo wako hii ni ya kuongezea juu ya ziwa, asiachishwe kunyonya hata saa moja, na kwa umri wake ningependa uwe na pakiti halisi nyumbani kuliko hesabu ya vijiko.

Bibi akisema maji ya mchele, mkubali. Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo unafanya kazi ile ile kwa mtoto aliyekwishaanza kula, maana wanga huachia sukari yake kidogo kidogo. Dafu ni zuri kwa mkubwa, lina madini ya potasiamu kwa wingi ila chumvi yake ni haba, kwa hiyo lisiwe peke yake. Soda hapana. Na kuna kidonge cha zinki ambacho watu wengi hukiacha kituoni kwa kudhani ni vitamini ya kubembeleza: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita. Kinafupisha kuhara na kupunguza kurudi kwake. Kikikaa kwenye kijiko chenye maziwa kidogo kinayeyuka chenyewe.

Mtoto akiharisha huku macho yameingia ndani, halii machozi, hakojoi, analegea, au kinyesi kina damu, hapo vijiko viacheni mezani na mwondoke.

Mwarobaini. Jina lenyewe linajisifu, magonjwa arobaini, na mimi siwezi kuuvua heshima mti uliotulinda dhidi ya upele na mbu. Majani yakichemshwa kuogea mwenye kuwashwa, sawa. Kuyanywa ni jambo jingine. Mafuta ya mbegu zake waliwahi kulambishwa watoto wachanga huko Malaysia kama dawa ndogo ndogo ya nyumbani, wakapata kutapika, usingizi mzito na degedege, na wengine hawakupona. Mjamzito naye asinywe. Kwa hiyo kwa mdogo hakuna mwarobaini wa kunywa, na kwa mkubwa sioni anachoukosa.

Tatizo langu kubwa na mwarobaini si uchungu wake, ni kwamba unanywewa wakati wa homa. Tanga ni mkoa wa malaria. Mtoto akiwa na homa leo, leo hiyo hiyo atobolewe kidole, kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 20, na akiwa nayo ameze dawa mseto mpaka kidonge cha mwisho. Mwenye kupenda miti shamba nimpe hadithi ya kumfurahisha. Dawa mseto yenyewe ni mti shamba. Profesa Tu Youyou wa China aliipata mwaka 1972 ndani ya mmea wa artemisia, ambao huku wengine huuita pakanga, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Alikwama muda mrefu kwa sababu alikuwa akichemsha majani. Alipofukua maandishi ya tabibu wa karne ya 4, Ge Hong, akaona mzee yule aliloweka tu majani na kuyakamua. Joto ndilo lililokuwa likiua dawa. Sasa mtu anayechemsha sufuria ya pakanga leo anarudia kosa ambalo mgunduzi mwenyewe aliliacha, na hata akipata dawa kidogo humo, inakuwa haba ya kumaliza vimelea na ya kutosha tu kuvifundisha ukaidi. Shirika la Afya Duniani limekataa chai hiyo kwa malaria, na sababu ndiyo hiyo.

Kwa homa yenyewe, parasetamoli ya maji: miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa sita. Wa kwako wa miaka 6 akiwa na kilo 20 ni miligramu 300. Soma kwenye chupa kila mililita tano zina miligramu ngapi, maana chupa zinatofautiana, na tumia kile kipimo cha plastiki kilichokuja nayo. Aspirini asipewe mtoto.

Na degedege, kwa kuwa tupo pwani lazima niliseme. Nimewasikia wazee wakisema mwenye degedege akidungwa sindano hufa. Wanasema walichokiona: mtoto anafukizwa kinyesi cha tembo siku mbili, anapelekwa hospitali akiwa amekwisha, anadungwa, anakufa. Sindano ikashtakiwa kwa sababu ilikuwa ya mwisho kufika. Mtoto akikakamaa, mlaze ubavu, legeza nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, mwende. Dua mtasoma njiani.

Hayo ndiyo mazito. Mengine kapuni ni mepesi. Karafuu kwa jino linalouma ni dawa ya kweli, ina mafuta yanayoitwa yujenoli (eugenol) ambayo hata madaktari wa meno huyatia kwenye viraka vyao vya muda. Mtu mzima aweke punje moja ing'atwe na lile jino. Mafuta yake yaliyokamuliwa yafungiwe juu ya kabati, kwani kijiko kimoja tu kwa mtoto ni sumu ya ini. Shimo la jino nalo linabaki pale pale, karafuu hailizibi. Habasoda kwenye mkate au chai ya wakubwa, haya. Nyungu ya kujifukiza, ile iliyotuvunja mbavu nchi nzima mwaka 2020, hufungua pua ya mtu mzima kwa robo saa na basi. Mtoto asifunikwe blanketi na sufuria la maji ya moto, mguu mmoja ukiteleza ni janga. Pua ya mdogo ikiziba, mdondoshee matone mawili ya maji ya chumvi ya duka la dawa kabla ya kunyonya.

Moto hukuuliza, lakini nyumba yenye watoto na jiko la mkaa itauliza siku moja. Aliwahi kuingia dukani baba mmoja amembeba mtoto wa miaka mitatu, mkono wote mweupe hadi kiwiko kama umepakwa chokaa, na duka zima likanukia mnanaa. Uji ulikuwa umemmwagikia, bibi akampaka dawa ya meno tyubu nzima. Ilikuwa imekauka na kupasuka pasuka. Tulikimbia naye kituo cha afya cha jirani, na muuguzi alipoanza kuilainisha kwa maji, kila ganda lililobanduka liliondoka na ngozi. Nilishika ule mkono mwingine. Mpaka leo harufu ile ya mnanaa asubuhi hunirudisha pale. Aliyeungua awekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka, au ya ndoo yakimiminwa taratibu, dakika 20 kamili, kwa kutazama saa. Ni nyingi, mtoto atalia, endelea. Kisha mfunike kwa kitambaa safi, kanga iliyofuliwa inafaa, na mpelekeni. Si yai, si unga, si asali, si chumvi, na mafuta ya taa msiyafikirie hata kidogo.

Nimebaki na swali lako la mwisho, namna ya kukataa. Usimwambie mama mkwe kwamba dawa zake ni za kishamba. Kwanza si kweli, pili hutalala. Mpe kazi. Mwambie, "Mama, asali ya kaka yake wewe ndiye mwenye kuipima, kijiko kimoja kila usiku. Na kumkanda mdogo nakuachia, mimi mikono yangu mizito." Akishakuwa na vyake viwili vitatu, atavumilia kunyimwa vingine. Kwa vile vya kukatazwa, lawama nitupie mimi. Sema mfamasia amekataza mpaka mtoto afikishe mwaka, tena mfamasia mwenyewe asili yake Pangani. Siku ya kliniki nenda naye, akae kwenye benchi na kina mama wengine asikilize nesi mwenyewe. Neno la nesi kwa mwanamke wa rika lake lina uzito ambao la mkwe halina. Kimeo na meno, lakini, mwachie mumeo aseme yeye na mama yake, kabla ya yule mzee hajapewa taarifa. Asifike akaukuta mlango wazi.

Na huyo mkubwa. Leo siku ya 12. Asali imemlaza, nimefurahi, lakini asali haijui kwa nini anakohoa. Usiku akiwa ametulia, inua fulana yake uhesabu pumzi kwa dakika nzima ya saa. Kwa umri wake, zikizidi 30 akiwa amelala, au mbavu za chini zikibonyea ndani kila anapovuta, usisubiri asubuhi. Kwa mdogo, akianza naye kukohoa, kikomo ni 50. Kama mkubwa hana hayo, hana homa na anakula, mpe hadi keshokutwa. Zikitimia siku 14 bado anakohoa, mpeleke apimwe kifua kikuu, na ukumbuke kumwambia daktari kama kuna mtu mzima yeyote hapo nyumbani anayekohoa kwa muda mrefu, pamoja na mgeni wenu.